Mpangaji Katoka, Je Wewe Mwenye Nyumba Umesafisha?

Wadau, kila siku tunasoma visa vya wapangaji. Mara kahama usiku na deni la watu, mara kaacha chumba kama zizi, mara kang'oa mpaka balbu na soketi. Wapo kweli, sitabisha, na mimi wamenipitia. Lakini leo naomba tugeuze kibao tuwaangalie wenye nyumba. Chumba kikishakuwa kitupu, mpangaji wa zamani kaondoka na mpya hajaingia, hakuna anayetuona. Hapo kila mtu anafanya anavyojua. Kuna anayepiga deki harakaharaka, anapaka rangi ukuta wa mbele tu, anachoma udi harufu ipungue, halafu anaita dalali. Mpangaji mpya analipa kodi ya miezi sita mkupuo, na usiku wa kwanza tu anagundua alichonunua.

Nina vyumba sita hapa Katesh, na kinyumba kidogo cha vyumba viwili Mbulu mjini alichoniachia marehemu mama. Siyo tajiri, jamani. Vyumba vyenyewe ni vya watu wa kawaida: walimu, manesi, vijana wa bodaboda, wauza duka, na watumishi wanaoletwa na barua ya uhamisho wakiwa na godoro moja na begi. Hanang na Mbulu ni wilaya jirani na watu wanadhani hali ni ile ile. Hapana. Uchafu wa Mbulu siyo uchafu wa Katesh, na ukitumia dawa ya huku kule utapoteza hela.

Nianze na Mbulu. Kule ni juu, baridi yake mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Mtu anaamka saa moja asubuhi na ukungu bado umekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Chumba kinafungwa madirisha mwaka mzima. Maji ya kupikia yanachemka ndani, nguo zinaanikwa ndani, pumzi za watu wanne zimo humo humo. Kikija kufunguliwa, pembeni mwa dari kuna madoa meusi ya fangasi na nyuma ya kabati ukuta unatoa jasho. Wengi wanapaka rangi juu ya hayo madoa. Baada ya miezi miwili yanarudi yaleyale, mpangaji mpya anakohoa, na mwenye nyumba anasema "huyu ndiyo mchafu, mwenzake aliishi vizuri tu."

Ninavyofanya mimi: madirisha wazi siku tatu, hata kama baridi inauma. Ukuta unasuguliwa kwa brashi na maji ya sabuni, unapitishiwa jiki iliyochanganywa na maji, unaachwa ukauke kabisa. Baada ya hapo ndipo chokaa inaingia. Bibi zetu walipaka chokaa bila kusoma popote, na walikuwa na sababu: chokaa ni kali, fangasi haiipendi, tena inaacha ukuta upumue. Rangi ya mafuta inang'aa, ni rahisi kufuta, lakini ukiipaka juu ya ukuta wenye unyevu unakuwa umeufungia maji ndani. Itavimba, itabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa.

Hapo hapo kwenye jiki nitoe tahadhari, maana nimeona watu wanakosea. Usichanganye jiki na asidi ya kusafishia choo. Usimwage moja halafu nyingine juu yake eti choo kitakate zaidi. Inatoka hewa ya klorini, na chooni ni padogo. Macho yanawaka, kifua kinabana, unaweza kuanguka. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na ukitaka nyingine basi iwe siku nyingine.

Kuna kitu kingine cha Mbulu ambacho watu wa Dar hawawezi kukielewa: kitunguu swaumu. Huku ndiko kinakolimwa, Bashay na vijiji vya jirani, na bei ikiwa chini watu wanakihifadhi wakisubiri ipande. Nilikuwa na mpangaji, kijana mpole kabisa, analipa kodi kabla ya tarehe. Alipohama ndiyo nikaelewa kumbe chumba kimoja alikuwa analala yeye na cha pili analala swaumu. Magunia mpaka dirishani! Jirani walikuwa wanajua, hakuna aliyesema, nadhani nao walikuwa wanapewa cha kuungia mboga. Ile harufu haikutoka wiki tatu. Tulifagia maganda, tukaosha sakafu kwa siki, tukapaka chokaa mara mbili, tukaweka mkaa kwenye ndoo kila kona ufyonze harufu. Mtu wa kwanza kuja kuangalia chumba akaniuliza, "Mama, hapa palikuwa hoteli?" Tulicheka, lakini hakuchukua.

Nacheka sasa, ila yule kijana alinifundisha kusoma chumba kabla ya kukisafisha. Mpangaji aliyetoka anakuachia habari nyingi kwenye ukuta. Doa la mafuta chini ya dirisha linakwambia alikuwa anaingiza pikipiki ndani, maana uani hapana usalama. Moshi mweusi kwenye dari, kona moja tu, unakwambia alikuwa anaweka jiko la mkaa ndani apate joto. Hili la pili siyo la kufuta na kusahau. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na watu wanalala wasiamke. Nilipoona lile doa mara ya pili, kwa mpangaji mwingine tofauti, nikaona kufuta masizi ni kujidanganya. Nikatoboa matundu ya hewa juu ya milango, nikaezeka bati tatu nyuma ya nyumba pawe jiko. Na mkataba ukaongezwa mstari mmoja: jiko la mkaa halilali ndani.

Sasa kunguni. Mtu akisikia neno hili anashusha sauti, utadhani anataja ugonjwa wa aibu. Kunguni hawajali mtu msafi au mchafu, wanajali damu na mahali pa kujificha. Wanakuja kwenye godoro la mtumba, kwenye begi lililopanda basi, kwenye kochi la mnadani. Kuna nesi mmoja aliwahi kuhamia kwenye nyumba ya mtu, siyo yangu, mtaa wa pili kutoka kwangu pale Mbulu. Chumba kilikuwa kimekaa kitupu miezi minne, mwenye nyumba akaapa kwamba hakuna mdudu anayeweza kuishi bila chakula miezi yote hiyo. Wiki ya kwanza mikono ya dada wa watu ikawa kama ya mtu mwenye tetekuwanga. Mwenye nyumba akamgeuzia kibao: "Umekuja nao wewe kutoka hospitalini." Akatangaziwa uani kote. Yule dada alikuwa anapita barabarani kichwa chini, na wenzake kazini wakaanza kukwepa kukaa kiti alichokalia. Akahama, na kodi yake ya miezi mitano iliyobaki hakurudishiwa.

Ukweli ni huu. Kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya mtu, na kwenye baridi anakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mwili wake unatumia nguvu kidogo. Kwa hiyo chumba kitupu cha Mbulu hakimuui kunguni, kinamlaza tu. Anapohisi joto la mtu na pumzi yake, anaamka. Yule dada hakwenda na kitu. Aliwakuta wenyeji wakimsubiri na njaa ya miezi minne.

Dawa yake siyo kuvumilia, na siyo kupuliza mara moja. Kunguni anakufa kwa joto, likifika nyuzi 50 hivi hana ujanja. Kwa hiyo maji yanayochemka yanamwagwa kwenye nyufa za sakafu, kwenye mbao za kitanda kama ni chako, kwenye fremu za milango. Nyufa zinazibwa kwa sementi. Halafu dawa ya kupuliza kutoka duka la pembejeo, ile iliyoandikwa kwamba ni ya ndani ya nyumba, siyo ya shambani. Na hapa ndipo wengi tunakwama: unarudia baada ya wiki mbili. Mayai yao dawa nyingi haziyagusi, yanaanguliwa baada ya siku kadhaa, na ukishapangisha siku ya tano basi umemwekea mpangaji kizazi kipya kitandani. Wiki mbili chumba kikiwa kitupu ni hela, najua. Ila ile kodi ya dada wa watu nayo ilikuwa hela.

Haya, tushuke Katesh.

Katesh uchafu wa siku zote ni vumbi. Mlima Hanang upo pale juu, mita 3,400 na ushee, upepo unashuka unakusanya udongo wa mashamba na wa barabara na kuuleta mpaka chini ya godoro. Vumbi halina fujo. Unafagia dari kwanza, kuta zinafuata, sakafu mwisho, kwa kitambaa kibichi na siyo ufagio mkavu unaolirusha hewani lirudi kukaa palepale. Ukianzia sakafu umefanya kazi mara mbili. Hilo kila mtu anajua.

Lakini hakuna aliyekuwa anajua kusafisha kilichokuja alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023.

Wengi mliona picha. Mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha mfululizo, sehemu ya mlima ikalegea, ikashuka na maji, mawe makubwa na magogo. Ikapita Jorodom, ikapita Gendabi, ikaingia mjini sokoni na madukani. Wanajeshi walikuja kusaidia kufukua, Rais akakatisha safari yake ya Dubai akaja. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wapangaji wangu wote walitoka salama. Kuna ua hapa jirani hawawezi kusema hivyo, kwa hiyo sisemi zaidi.

Vyumba vyangu viwili vya upande wa chini vilijaa tope mpaka usawa wa dirisha. Waliokuwa wanakaa humo, dada muuza duka la nguo na mwalimu aliyekuwa anajitolea, hawakutaka kurudi hata kuchungulia. Dada alikwenda kwao Singida na nguo alizovaa tu. Kwa hiyo vilikuwa vyumba vitupu kwa namna ambayo sijawahi kuipata: mpangaji hayupo, lakini maisha yake yote yamo humo ndani, chini ya tope.

Tulitoa kwa sepetu na toroli siku nne. Nilikataa vijana wasichote tu na kumwaga. Kila toroli lilipitishwa mkono. Tulipata sufuria, kiatu kimoja, rimoti, na bahasha ya nailoni yenye vyeti vya yule mwalimu: cha kidato cha nne, cha chuo, cha kuzaliwa. Vilikuwa vimelowa lakini maandishi yalisomeka. Nikavisuuza kwenye beseni la maji safi, nikavitandaza juu ya kanga kivulini, siyo juani maana jua linakunja karatasi. Vilipokauka nikampigia. Alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani imekata. Halafu akasema, "Mama, shikamoo." Alishanisalimia mwanzoni, sijui kwa nini alirudia.

Kwa wanaoweza kukutwa na hili, Mungu aepushe: tope toa likiwa bado bichi, likikauka linakuwa tofali. Umeme usiwashe mpaka fundi afungue soketi zote zilizolowa. Kuta zioshwe kutoka juu kuja chini, sabuni kwanza, jiki baadaye, kwa sababu lile tope lilibeba na vyoo vya shimo vya watu. Plasta iliyolegea ibanduliwe yote. Na usipake rangi mapema. Kuna kipimo rahisi: bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote, uache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado una maji. Mimi nilibandika na kubandua hiyo nailoni mpaka wiki ya 11. Kwa vyumba viwili vya 40,000 kwa mwezi, hesabu mwenyewe.

Ukuta ulipokauka likabaki jambo moja. Palikuwa na mstari. Usawa wa kiuno changu hivi, kahawia, umezunguka vyumba vyote viwili kama mkanda. Fundi rangi akasema, "Mama, koti mbili tu, hautauona." Na kweli, koti mbili na haukuonekana. Nilifurahi. Mtu hawezi kulala anaangalia kitu kama kile.

Dalali akaja na mteja wa kwanza, mama mmoja na watoto wawili wadogo, kahamishwa kikazi. Chumba kikampendeza. Rangi mpya, sakafu imepigwa sementi upya, choo kisafi. Akawa ameshafungua pochi. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mama, samahani, hapa tope lilifika?"

Dalali alinitazama. Yale macho kila mwenye nyumba anayajua.

Nikamwambia lilifika. Nikaweka mkono ukutani nikamwonyesha usawa. Akatazama mkono wangu, akamtazama mdogo wake ambaye kichwa kilikuwa chini ya pale nilipoweka mkono. Akafunga pochi taratibu. "Asante mama, nitakupigia." Hakupiga, na simlaumu hata kidogo. Ningekuwa yeye nisingepiga pia.

Dalali alikasirika siyo mchezo. Akaniambia kazi yangu ni kusafisha na kazi yake ni kuongea, kila mtu abaki kwenye kazi yake. Akasema rangi ya nini sasa kama nitaendelea kuwaonyesha watu kwa mkono? Kwa wiki tatu hakuniletea mtu, na nasikia aliwaambia wenzake mama yule ana mdomo.

Nililifikiria swali lake, kwa sababu siyo la kijinga. Rangi ya nini? Jibu nililopata ni kwamba kusafisha ni kumwondolea mpangaji mpya uchafu wa jana, asilale nao, asiugue nao. Siyo kumwondolea habari anayoihitaji kesho. Mwenye nyumba wa yule nesi alisema chumba hakina mdudu. Mimi ningesema chumba hakikufikiwa na tope. Sioni tofauti, isipokuwa kunguni haui mtoto.

Mwezi wa nne akaja mtumishi mmoja kijana, peke yake. Naye nikamwonyesha kabla hajauliza. Yeye akauliza maswali: maji yanakuja kutoka upande gani, mlango wa nyuma unafunguka kwa nje au ndani, usiku mtu anakimbilia wapi. Tukatoka tukatembea mpaka pale juu penye barabara, tukahesabu dakika. Akarudi akalipa miezi mitatu. Mpaka leo yupo, na mvua zikianza ni yeye anayewagongea wenzake tuzibue mtaro niliochimbisha nyuma ya ua.

Sasa nimalize na utaratibu wangu, mwenye kutaka auchukue. Mpangaji akitoka, tunakagua pamoja yeye akiwepo, tunaandika, na mwenyekiti wa kitongoji akiwa na nafasi anasaini. Tunaangalia LUKU pamoja. Hili msidharau: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, na miezi ambayo hakuna anayenunua umeme inajilimbikiza. Mpangaji mpya anaweka 5,000 anapata yuniti za kuhurumiwa, anadhani ametapeliwa. Deni la miezi mitupu ni la mwenye nyumba, nalipa mimi kabla hajaingia. Kinachofuata ni siku tatu madirisha wazi, kuosha, kuziba nyufa, kukausha, chokaa au rangi, kubadilisha kitasa ili ufunguo wa zamani usifungue. Kama kuna dalili ya kunguni, wiki mbili, sipokei hela ya mtu hata akilia.

Mwisho, kabla mpangaji hajalipa, namwambia kuhusu chumba kile ambacho jirani angemwambia baada ya kulipa. Paka wa jirani, kelele za mashine ya kusaga, maji kukatika, tope. Inanichelewesha, na kuna mwezi nimekula ugali kwa mlenda nikisubiri mpangaji. Wenye nyumba wenzangu, najua mnayo vyumba vitupu saa hizi na dalali amekaa kwenye benchi anawasubiri. Mwacheni asubiri kidogo. Fungueni madirisha kwanza.